Mtani Aliposema Kweli

Ukipanda vitongoji vya juu ya Mkuyuni utaambiwa kwamba mtu hapigwi na fenesi lake mwenyewe, labda awe amewanyima watu. Hayo ni maneno tu, na aliyeyaanzisha ni Kondo, na Kondo huyo ukimwamini kwa kila analosema umekwisha.

Kondo na Mwinshehe walikuwa watani. Si watani wa kuzoeana barabarani, la hasha. Walikuwa watani wa ukoo, watani wa kuzaliwa nao. Ukoo wa huyu na ukoo wa yule walitaniana tangu enzi za mababu, na huko milimani mtani ana haki ambazo hata ndugu wa tumbo moja hana. Anaingia jikoni kwako, anafunua chungu, anakula. Anamkamata jogoo wako ukimwona kwa macho, na wewe unatakiwa ucheke. Mkeo anamwita mke wake. Ukiugua anakuuliza utakufa lini, maana ana hamu ya wali. Na ukifa kweli, yeye ndiye anayechimba kaburi, na ndiye anayewachekesha wafiwa ili uchungu usiwamalize. Ole wako ukasirike! Ukikasirika umeshindwa, na utachekwa mpaka uote mvi.

Hawa wawili walianza mchezo huo kabla hawajaingia jandoni, na sasa walikuwa na wajukuu. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake neno lililonyooka.

Nyuma ya nyumba ya Mwinshehe kulikuwa na mfenesi mzee. Mwaka huo ulizaa kwa ubahili, lakini huko juu kabisa uliacha fenesi moja, kubwa kupita kiasi, na Kondo akalitangaza kuwa lake.

"Likiiva naja kulichukua," alisema. "Na wewe ndiye utakayenibebea mpaka nyumbani."

"Labda unizike kwanza," alijibu Mwinshehe.

Fenesi likaanza kunukia. Mwinshehe alijua mtani wake hatachelewa, kwa hiyo mchana mmoja, aliporudi kutoka shambani, alitandika mkeka chini ya mfenesi akalala chali kulinda mali yake. Mtu mzima yule! Amezaliwa kwenye mifenesi, amekulia kwenye mifenesi, anajua tangu utotoni kwamba chini ya mfenesi wenye fenesi lililoiva halali mtu. Lakini watani wakishindana, akili huwekwa kando. Usingizi ulipomchukua, fenesi lilikatika likamwangukia kifuani.

Mkewe Mosi alikuwa anatwanga kisamvu upande wa pili wa nyumba. Alisikia kishindo, kisha mguno. Alipofika alimkuta mumewe ameketi, mikono kifuani, mdomo wazi, pumzi haiingii wala haitoki. Pembeni yake fenesi lilikuwa limepasuka, na harufu yake imeujaza uwanja mzima.

Na Kondo naye huyo, anatokea njiani na gunia begani, amekuja kuiba! Alitazama fenesi, akamtazama mtani wake, akatazama mkeka. Aliangua kicheko mpaka akakaa chini kwenye majani.

"Kondo, msaidie mwenzio!" Mosi alipiga kelele.

"Nimsaidie nini, mke wangu? Si fenesi lenyewe limekwisha amua kesi?" Akajivuta mpaka kwenye mkeka wa mwenzake, akaanza kula palepale. Pumzi ilipomrudia Mwinshehe, naye alicheka. Afanye nini? Kisha akakunja uso.

"Usinichekeshe, mtani. Kifua kinauma."

"Kinauma kwa choyo," alisema Kondo, mdomo umejaa.

Siku ya soko, Mkuyuni nzima ilikuwa na habari. Kondo hakuisimulia tu, aliiigiza. Alilala chali katikati ya wauza ndizi, akakoroma, akarusha miguu juu, akajishika kifua akilia, "Mamaaa, fenesi langu linaniua!" Akina mama walishika mbavu. Mwinshehe akipita, vijana walimsalimu kwa adabu zote: "Shikamoo, mzee. Fenesi halijambo?" Naye alijibu, "Halijambo, linawasalimu," akitabasamu, huku kiganja kimebana kifua.

Kwa nini hakwenda hospitali? Mosi alimwambia asubuhi, akamwambia jioni.

"Niende nikaseme nini?" alijibu Mwinshehe. "Daktari aniulize, mzee umepatwa na nini, niseme nimepigwa na fenesi? Kondo akisikia nimelazwa kwa ajili ya fenesi, hapa tutahama. Ataimba mpaka kwenye harusi ya Hafidha."

Hafidha alikuwa binti yao wa mwisho, na harusi yake ilikuwa karibu. Basi Mwinshehe akajikaza. Alinywa dawa za maumivu za dukani, akasema ni misuli tu, itakaa sawa. Lakini haikukaa sawa. Ikafika wakati hawezi kulala. Akijilaza, pumzi inamkimbia, kwa hiyo alilala ameketi, mgongo ukutani. Njia ya shambani aliyokuwa akiipanda huku anapiga soga sasa aliipanda akisimama kila kona, akijifanya anatazama bonde. Mishipa ya shingo ikamtuna. Ugali akawa anaumegamega tu na kuusukuma kando.

Jioni moja Kondo alikuja akamkuta ameketi vile vile, ameegemea ukuta.

"Unalinda nini tena? Mfenesi hauna kitu."

"Mtani," alisema Mwinshehe taratibu, "nakufa."

"Kufa basi! Unawacheleweshea watu wali."

Mwinshehe alicheka kidogo. Msimlaumu Kondo kwa jibu hilo. Kwa mtani ndilo jibu lenyewe, hakuna lingine, na tangu ujana wao walikuwa wamekwisha uana hivyo mara elfu. Kondo alirudi nyumbani kwake amefurahi, akamsimulia na mkewe.

Asubuhi yake Mosi alikuja kwa Kondo. Hakubisha hodi. Aliketi kizingitini na khanga yake ya kulalia.

"Ehe, mke wangu! Umeshamchoka yule mzee, umenirudia?"

Siku nyingine Mosi angempa jibu la kumkata maini, maana naye mdomo alikuwa nao. Siku hiyo alilia.

"Kondo, mwenzio anaomba pumzi. Miguu imevimba. Midomo imebadilika rangi. Nimemwambia twende hospitali, amekataa. Anakuogopa wewe."

"Ananiogopa mimi?"

"Anauogopa mdomo wako. Mzaha mzaha hutunga usaha, Kondo. Basi umetunga."

Kondo aliinuka palepale. Alitoka bila viatu. Akakimbia kile kijia chote, na alipoingia ndani akaiona ile shingo, akaiona ile midomo. Alitaka kusema, twende hospitali. Lakini alimjua mtu wake. Akimwambia hivyo kwa uso mkavu atamtisha, na akimbembeleza atakataa. Basi akatumia haki aliyonayo.

"Nimekuja kuchukua," alisema kwa sauti kubwa. "Nimetafuta jogoo hapa nimekosa, fenesi nalo lilishaliwa. Nakuchukua wewe."

Mwinshehe alimtazama. Mtani akisema nachukua, hakatazwi. Hata angekuwa na nguvu za kukataa, asingeweza.

"Utanifanyia nini?" aliuliza, akihema.

"Nitakuuza mjini. Nyamaza, mali haisemi."

Wakafunga machela kwa miti miwili na blanketi. Luqmani, mdogo wake Mwinshehe, alishika mbele na vijana wa jirani wakashika nyuma, wakateremka naye mpaka barabarani, na hapo wakapata gari. Njia nzima Kondo hakufunga mdomo. Alitania kwenye mteremko, akatania garini, akatania mpaka koo likamkauka, kwa sababu aliona kila anapopumzika Mwinshehe anafumbua macho kumtafuta. "Ukifa hapa Bigwa nakuacha hapahapa," alimwambia. "Siwezi kupandisha mzigo mlimani mara mbili." Mosi alikuwa amekishika kichwa cha mumewe mapajani, anasoma dua kimyakimya.

Hospitalini walipokelewa na daktari mwanamke, bado kijana, jina lake Editha. "Shikamooni, wazee wangu," alisema, na mikono yake ilikuwa imekwisha anza kazi. Alisikiliza kifua, akatazama shingo, akavuta mashine ya picha. Kisha akauliza, "Mzee alipigwa na kitu gani kifuani?"

Mwinshehe alimtazama Kondo, na Mosi akamtazama Kondo.

"Fenesi, daktari," alisema Kondo.

Daktari hakucheka. Wala muuguzi aliyesimama kando hakucheka. "Lilikuwa zito kiasi gani?" aliuliza daktari. "Lilitoka juu kiasi gani? Tangu lini?" Kondo alijibu moja baada ya jingine, na alistaajabu kwamba duniani kuna mtu anaweza kuisikia habari ile na asicheke. Kumbe ilikuwa inawezekana. Kumbe ingewezekana tangu siku ya kwanza.

Daktari Editha aliwaeleza kwa lugha nyepesi. Moyo ulichubuka siku ile. Moyo umekaa ndani ya mfuko wake, na damu imekuwa ikivujia mfukoni humo kidogo kidogo, mpaka mfuko umejaa. Sasa moyo umebanwa, hauna nafasi ya kutanuka, ndiyo maana mzee anakosa pumzi.

"Anatakiwa apelekwe Dar, afunguliwe kifua, warekebishe," alisema. "Lakini kwa hali hii sidhani kama atafika. Ninachoweza kufanya hapa ni kupitisha sindano ndefu chini ya mfupa wa kifua, nivute damu ili moyo upumue. Siwafichi. Inaweza kumsaidia papo hapo. Inaweza pia kuugusa moyo wenyewe na kuujeruhi. Mzee yuko na akili zake, aamue."

Mwinshehe alinyoosha mkono. Mosi aliushika, lakini hakuwa anamtafuta Mosi.

"Mtani."

"Nipo."

"Leo usinitanie. Niambie. Nichomwe?"

Jamani, mtu anaweza kuishi na ulimi maisha yake yote na asijue kuutumia. Utani ulikuwa umekwisha mjia Kondo, umekaa tayari kwenye ncha ya ulimi: wakuchome, tuone kama una damu au una utomvu. Ulikuwa utani mzuri. Mwinshehe angeupenda. Kondo aliumeza, na ulishuka kwa shida.

"Kubali, Mwinshehe," alisema. "Kubali, ndugu yangu. Nakuomba."

Mwinshehe alimkodolea macho. Siku zote zile za maumivu, na hata katika kubebwa na kurushwarushwa garini, hakuwa ameonyesha hofu. Sasa hofu ilimwingia, Kondo akaiona ikiingia.

"Kumbe nakufa kweli," alisema Mwinshehe. "Umeniita kwa jina langu."

"Mtani, mimi sikuwa na maana..."

"Basi, basi." Akamgeukia daktari. "Nichome, mwanangu."

Waliambiwa wasubiri nje. Mosi alikaa kwenye benchi, Kondo akasimama, akakaa, akasimama tena. Alijilaumu kwamba pale kitandani hakutania. Halafu akajilaumu kwamba alitania tangu mwanzo. Alikuwa bado anazunguka na mawazo hayo mlango ulipofunguka na daktari akatoa kichwa. "Anapumua," alisema, na yeye mwenyewe alikuwa amelowa jasho.

Walimkuta ameinuliwa mto, rangi imemrudia usoni, anavuta pumzi ndefu moja baada ya nyingine, anazionja. Aliwaona akatabasamu.

"Mtani, pole sana. Wali umeukosa."

"Nitangoja," alisema Kondo, machozi yanamtiririka na meno yote nje. "Mimi nina subira."

"Alhamdulillahi," alisema Mosi. Akamfunika mumewe vizuri, akamfuta uso, akamgombeza kidogo kwa ule ukaidi wake, na Mwinshehe akaomba uji. Gari la kumpeleka Dar likaanza kutafutwa. Kwa muda ule mfupi wote watatu walikuwa na furaha, na kila mtu aliamini kwamba mambo yamekwisha.

Gari halijapatikana, pumzi ikamkatika tena. Safari hii haikukatika polepole. Muuguzi aliwatoa nje, watu wakaingia wakikimbia, mlango ukafungwa. Ulipofunguka, Daktari Editha alikuja akaketi benchini baina yao, na kabla hajasema Mosi alikuwa amekwisha jua. Alipiga ukelele mmoja, kisha akajifunika uso kwa khanga.

"Poleni," alisema daktari. "Damu ilirudi kwa kasi. Tumejitahidi, tumeshindwa."

Kondo aliuliza, "Ni sindano, au ni fenesi?"

"Sijui, baba. Huenda lile jeraha la kwanza lilifumuka moyo ulipopata nafasi ya kudunda kwa nguvu. Huenda sindano yangu iliukwaruza. Siwezi kukuapia kwamba haikuukwaruza." Aliitazama mikono yake. "Ninalojua ni hili: angeletwa siku ile ile, tungekuwa na muda. Tungempeleka Dar anatembea kwa miguu yake."

Hakuna aliyemlazimisha kusema "sindano yangu". Alilibeba fungu lake mwenyewe, binti yule, na Kondo akaona fungu lililobaki ni la nani.

Walimpandisha Mwinshehe mlimani kwa machela ile ile. Asubuhi yake uwanja ulijaa watu, vilio ndani, mikeka nje, na watani wakakusanyika kushika kazi yao. Mkubwa wao ni Kondo. Watu walikuwa wanamtazama. Wengine walikuwa wameshaanza kutabasamu kabla hajafungua kinywa, maana kama alimtania Mwinshehe hivi akiwa hai, leo itakuwaje! Kondo alichukua jembe akachimba, hakusema neno. Watani wenzake walijaribu mzaha huu na ule, ukaangukia chini. Msiba ukawa mzito, umekaa vibaya, watu wanaangaliana.

Aliporudi uwanjani, Mosi alimwita dirishani. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mbona sisikii watu wakicheka?"

"Siwezi, Mama Hafidha."

"Huwezi nini? Unataka mume wangu azikwe kimya kama mgeni asiye na kwao? Ulimtania mzima, leo ndiyo unamnyima?" Akamwonyesha kwa kidole njia ya makaburini. "Nenda, Kondo. Usimzike hivyo."

Alikwenda. Huko makaburini, jeneza limekwisha wekwa kando ya kaburi, mila inasema mtani ataruka kaburini, alale, agome kutoka mpaka apewe chochote. Shehe hakuipenda sana mila hiyo, lakini alizaliwa nayo, kwa hiyo aligeuza uso akasema, "Fanyeni upesi."

Kondo aliingia. Alilala kwa ubavu wa kulia, anavyolazwa maiti, uso kwenye kibla. Huko juu watu walianza kuchangamka. Walisogea ukingoni, wakainama.

"Haya, mtani! Unataka nini utoke?"

"Sitaki kitu."

Kicheko cha kwanza.

"Jogoo?"

"Sitaki. Nizikeni mimi, mwenzangu arudi nyumbani."

Kicheko kikapanda. "Lo! Leo ana bei kubwa!" mtu mmoja alisema.

"Mimi ndiye niliyemwua," alisema Kondo. Aligeuka akawatazama. "Nasema kweli. Aliumwa nikamcheka. Aliniambia nakufa, nikamwambia kufa. Alikuwa anaona haya kwenda hospitali kwa sababu yangu. Wallahi nimemwua, mnisikie!"

Walimsikia. Walishikana mabega kwa kucheka. Kondo akaanza kulia, kilio cha kweli, cha mdomo wazi na makamasi, mwili unamtetemeka mpaka udongo wa kuta unamwagika juu yake, na kadiri alivyolia ndivyo walivyocheka. Wanaume ambao tangu jana hawakuwa wameonyesha jino walijifuta machozi kwa mikono ya kanzu. "Huyu mtu, huyu!" walisema. "Mpeni jogoo!" "Mpeni wawili!"

Alitafuta kati ya nyuso zile uso mmoja usiocheka. Hakuupata. Luqmani alipiga magoti ukingoni akamnyooshea mkono, huku bado anacheka.

"Toka, mtani, toka tumzike kaka," alisema. "Mungu akubariki, umetutua mzigo. Tangu nizaliwe sijaona mtani anayejua kulia kama wewe."